Mchoraji anayechora dhahania jukwaani mbele ya watu: anachora kweli, au macho yetu ndiyo yanayochora?

#1 Brashi Kavu
Wakuu, habari za leo.

Nina hoja naomba tuichambue bila kuoneana haya. Siku hizi kwenye harambee, uzinduzi wa bidhaa, mikutano ya mahotelini, hata harusini, kuna jambo limeshika kasi. Kanvasi kubwa inasimamishwa jukwaani, muziki unapigwa, mchoraji anajitokeza na ndoo zake, anamwaga na kupaka dakika ishirini au thelathini, watu wanapiga makofi, kisha picha inapigwa mnada papo hapo. Na mara nyingi picha yenyewe ni dhahania. Hakuna sura, hakuna twiga, hakuna Kilimanjaro.

Ninachosema ni hiki: picha ile haiwezi kulingana na iliyochorwa na mtu aliyejifungia nayo chumbani. Dhahania inataka mchoraji arudi nyuma, akae, atazame, alale nayo, asubuhi afute nusu yake. Jukwaani hana nafasi hata ya kusogea hatua tatu. Kila akisita, ukumbi unapoa. Kwa hiyo mkono wake unafuata makofi.

Nimesoma habari za Georges Mathieu, Mfaransa aliyeanzisha mambo haya. Tarehe 28 Mei 1956 alipanda jukwaa la Théâtre Sarah-Bernhardt jijini Paris mbele ya watu wapatao 2,000, akachora kanvasi ya mita 4 kwa 12 katika muda usiozidi nusu saa, na inasemekana alitumia tyubu 800 za rangi. Pigeni hesabu: ni zaidi ya tyubu 26 kila dakika. Mtu anayekwenda kasi hiyo anaona nini?

Karibuni.

#2 Mpita Njia
Mwanangu wa chekechea anafanya hayo ukutani kila jioni na sijaona mtu wa mnada. Nimekaa mbele kabisa, endeleeni.

#3 Kisu cha Fundi
Kabla hamjaenda Paris, anzeni na rangi. Nauza rangi, na zamani nilikuwa fundi wa mabango, kwa hiyo nazungumzia ninachokishika.

Jukwaani karibu wote wanatumia akriliki, kwa sababu rangi ya mafuta haikauki usiku mmoja. Akriliki inakauka maji yakitoka. Safu nyembamba chini ya feni na taa za jukwaa inakauka upesi, lakini safu nene, tena kwenye joto lenye unyevu la Dar mwezi wa nne, inakaa mbichi muda mrefu. Sasa mchoraji ana dakika 25. Akipaka bluu, akaweka chungwa juu yake kabla bluu haijakauka, anapata rangi ya tope. Njano juu ya zambarau mbichi, tope. Nyekundu juu ya kijani, tope tena.

Ndiyo maana picha nyingi za jukwaani zina nyeusi, nyeupe, rangi moja kali na dhahabu basi. Watu wanadhani ni mtindo wake. Hapana, ni kwamba rangi hizo hata zikigongana bado zinapendeza. Kinachoamua pale siyo macho ya watu, Brashi Kavu. Ni maji yaliyomo ndani ya rangi.

#4 Paris kwa Mguu
Brashi Kavu, asante kwa uzi, ila "aliyeanzisha" hapana.

Mjapani Hokusai, yule wa picha ya wimbi kubwa, mwaka 1817 alichora sura ya Daruma, mtawa wa Kibudha, mbele ya umati mjini Nagoya, juu ya karatasi ya karibu mita 18 kwa 11 iliyotandazwa chini. Na mwaka 1804 alikuwa ameshafanya jambo kama hilo Edo, yaani Tokyo ya leo. Ile haikuwa dhahania, nakubali. Lakini umati, kasi na brashi kubwa kama fagio vilikuwepo miaka 150 kabla ya Mathieu. Halafu kuna kundi la wasanii la Gutai, la Japani pia, lililoanza 1954. Kazuo Shiraga alikuwa anashika kamba iliyofungwa juu na kuchora kwa nyayo zake, akiteleza juu ya rangi. Mwaka 1957 kundi hilo lilifanya maonyesho ya jukwaani kabisa, Osaka na Tokyo. Mwaka huohuo Mathieu alikwenda Japani akachora mbele ya watu kwenye maduka makubwa, akiwa amevaa vazi la Kijapani.

Kuhusu swali lako la "aliona nini": Mathieu angekujibu kwamba hakutaka kuona. Nadharia yake ilikuwa kwamba kasi inaondoa hesabu. Ukipewa muda, unaanza kurekebisha, unaanza kumfurahisha profesa wako, unaanza kukumbuka picha za wengine. Mkono ukitangulia akili, kinachotoka ni chako. Kwake umati haukuwa kikwazo. Umati ulimfungia mlango wa kurudi nyuma.

Jumba la sanaa la Centre Pompidou, hapa Paris, lina picha yake ya 1954, Les Capétiens partout, yenye upana wa mita 6. Ukipata nafasi, isogelee. Utaona rangi ilikamuliwa moja kwa moja kutoka kwenye tyubu, imesimama kama kamba juu ya kanvasi, na pale mkono ulipogeuka kamba hiyo inanenepa, halafu inakatika ghafla. Hakuna mahali ambapo kamba moja imerudiwa. Mimi nilisimama pale muda mrefu na sikuona mtu aliyekuwa anatafuta makofi.

#5 Brashi Kavu
Paris kwa Mguu, asante kwa Hokusai, sikuwa namjua kwa upande huo. Lakini hiyo ya 1954 aliichora bustanini, siyo ukumbini. Umenipa ushahidi wangu mwenyewe.

#6 Paris kwa Mguu
Bustanini ndiyo, ila kwa kasi pia. Hoja yako ilikuwa kasi au umati? Chagua moja kwanza.

#7 Binti Kuze
Hamjambo nyote. Nawasoma na naona mwazungumza kana kwamba kuchora mbele ya watu ni jambo la Wazungu na Wajapani.

Mimi ni mpaka hina, Mombasa, Mji wa Kale. Bibi harusi ameketi, mkono wake juu ya mto, na kumzunguka kuna mamake, makhalati, mashangazi, somo yake, wasichana wa jirani, na wote wana maneno. "Hapo jaza." "Hapo paache papumue." "Mbona huu mkono umeshinda ule?" Sina karatasi ya kuchorea kwanza. Naanzia kwenye kifundo, koni mkononi, na mistari inazaa mistari: mikunjo, vitone, wavu, mistari inayokutana ikaachana, isiyo sura ya kitu chochote. Hina ikikaa kidogo tu kwenye ngozi imeshashika. Piko, ile rangi nyeusi, ndiyo mbaya zaidi, haikupi hata nafasi ya kujuta. Wala siwezi kurudi hatua tatu nyuma kutazama, kwa kuwa nimeushika ule mkono.

Na niseme kweli yangu: kazi zangu bora nimezifanya kwenye kelele hizo. Nikiwa peke yangu na mteja mmoja saluni, mkono unakuwa mzito. Kelele za wanawake zinanipa mwendo. Wakinyamaza wote kwa pamoja najua nimefika pazuri, na hapo ndipo huongeza uangalifu. Kwa hiyo ndugu yetu Brashi Kavu, ndiyo, macho yao yanaingia kwenye mchoro. Kwani kuna ubaya gani yakiingia?

#8 Mpita Njia
Binti Kuze umemaliza. Uzi ufungwe, tule pilau.

#9 Brashi Kavu
Haufungwi. Binti Kuze heshima yako, dada. Lakini hina ina urithi. Mikunjo na vitone hivyo mkono wako umevijua tangu utotoni, na wanaokuzunguka nao wanavijua, ndiyo maana wanaweza kukwambia "jaza hapo". Mchoraji wa dhahania pale hotelini amezungukwa na mameneja wasiojua hata wanasubiri nini. Makofi yao hayamsaidii chochote. Wanapiga makofi anaporusha rangi, kwa sababu kurusha ni tendo kubwa. Akiketi dakika mbili kutafuta mahali pa mstari mmoja mwembamba, hakuna atakayepiga.

#10 Mwalimu wa Nafsi
Nafundisha saikolojia, naomba niongeze jambo.

Mwaka 1965 mwanasaikolojia Robert Zajonc aliandika kuhusu athari za kutazamwa. Kwa ufupi: ukiwa mbele ya watu, jambo ulilolizoea unalifanya vizuri zaidi, na jambo jipya au gumu unalifanya vibaya zaidi. Kuwapo kwa watu kunauchangamsha mwili, na mwili ukichangamka unakimbilia kile unachokijua.

Tukilichukua hilo, Binti Kuze yuko sahihi na Brashi Kavu yuko sahihi. Mpaka hina anafanya alilolizoea, hivyo macho yanamsaidia. Mchoraji wa dhahania anayesema anagundua kitu kipya jukwaani, kwa nadharia hii, anajidanganya. Mbele ya watu atarudia alichokwisha kukijua. Jaribuni kutazama picha tano za jukwaani za mchoraji mmoja, mziweke pamoja. Nadhani mtaona zinafanana kuliko zile za chumbani kwake.

Mpita Njia, kuhusu mwanao wa chekechea: mwaka 2011 Hawley-Dolan na Winner wa Boston College waliwaonyesha watu picha mbilimbili, moja ya msanii wa dhahania mwenye jina, nyingine ya mtoto au mnyama. Watu walichagua ya msanii mara nyingi kuliko ambavyo wangechagua kwa kubahatisha tu, hata pale lebo zilipobadilishwa ili kuwapoteza. Kwa hiyo kuna kitu jicho linakiona.

#11 Mpita Njia
Mwalimu, mwanangu hakuwa kwenye utafiti huo. Angewavuruga.

#12 Kaka wa Tegeta
Mfano mkubwa wa kumsaidia mleta uzi haujatajwa. Jackson Pollock, mchoraji wa dhahania wa Marekani.

Mwaka 1950 mpiga picha Hans Namuth alimfuata nyumbani kwake Springs, Long Island, akampiga picha nyingi akichora, kisha akamrekodi kwa filamu. Pollock alikuwa mtu wa kuchora peke yake bandani, kanvasi sakafuni, rangi ikidondoka kutoka kwenye kijiti. Alikuwa ameacha pombe tangu 1948, na hiyo miaka miwili ndiyo iliyotoa kazi zake kubwa. Akaanza kuambiwa: ingia sasa, subiri, rudia, simama hapo. Siku kurekodi kulipoisha, mwezi Novemba, kwenye baridi, aliingia ndani akajimiminia wiski. Usiku uleule akapindua meza ya chakula mbele ya wageni. Tarehe 11 Agosti 1956 akafa kwa ajali ya gari akiwa amelewa.

Alichunguliwa, akaharibika. Mimi sina la kuongeza.

#13 Paris kwa Mguu
Kaka wa Tegeta, tarehe zako ziko sawa lakini umeruka kitu.

Sehemu ya mwisho ya filamu ile hakuchora kwenye kanvasi. Namuth alitaka uso wa Pollock na rangi vionekane kwa pamoja, kwa hiyo wakaweka kioo kikubwa nje, kamera ikawa chini ya kioo inatazama juu. Sasa tazama filamu yenyewe: Pollock anaanza kuchora juu ya kioo, anapanga vitu, anamwaga, kisha anaona amepoteza mawasiliano na picha. Anafanya nini? Anaifuta. Mbele ya kamera, akijua filamu inakwenda, anafuta kioo chote na kuanza upya. Ile ya pili ipo mpaka leo, inaitwa Number 29, 1950, iko kwenye jumba la taifa la sanaa la Kanada, Ottawa.

Mleta uzi alisema jukwaani huwezi kufuta. Huyo hapo amefuta, tena huyohuyo mnayesema kamera ilimwua.

#14 Kaka wa Tegeta
Kufuta mbele ya mtu mmoja mwenye kamera siyo kufuta mbele ya ukumbi uliolipa kiingilio. Namuth alifurahi, alipata tukio. Meneja wa masoko angeita walinzi.

#15 Mwana Lushi
Jambo wandugu. Niko Lubumbashi.

Mmemtaja Mjapani wa kuchora na miguu. Hapa kwetu, Élisabethville ya wakati ule, mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji iliyoitwa Le Hangar. Alikuwamo mtu anaitwa Bela. Bela hakushika brashi. Alichora na ncha za vidole, alama moja moja, mpaka karatasi yote ijae. Mwenzake Pilipili Mulongoy alijaza na vitone, Mwenze Kibwanga na mistari midogo midogo. Ndani yake mna ndege, samaki, watu, kwa hiyo siyo dhahania kamili. Lakini ukisogea karibu na picha ya Bela, samaki anapotea, unabaki na vidole tu.

Nalisema hili kwa sababu hawa walichora chini ya jicho pia: jicho la bwana wa karakana, na nyuma yake wanunuzi wa Ulaya. Hawakuchora mbele ya ukumbi, ndiyo, lakini walijua nani anasubiri. Kutazamwa hakuanzi taa zikiwaka. Sijui kwa nini tunamhukumu mchoraji wa jukwaani peke yake.

#16 Mpita Njia
Mwana Lushi, kwa heshima zote kwa nchi yako: sokwe maarufu wa kuchora duniani aliitwa Congo. Sijatunga.

#17 Mwana Lushi
Mpita Njia, nilijua tu utafika huko. Leta habari basi, usilete jina peke yake.

#18 Mwalimu wa Nafsi
Nimletee mimi, maana inahusu mada kuliko anavyodhani. Congo alikuwa sokwe wa bustani ya wanyama ya London, na mtaalamu wa wanyama Desmond Morris ndiye aliyempa karatasi na rangi miaka ya 1950. Alichora mamia ya picha, na nyingine alizichora kwenye televisheni moja kwa moja, kwenye kipindi cha Morris. Mwaka 1957 zikaonyeshwa London. Mwaka 2005 tatu ziliuzwa kwa pamoja kwenye mnada wa Bonhams kwa pauni 14,400.

Kinachonigusa ni taarifa ya Morris kwamba Congo alijua picha imeisha. Ukimnyang'anya kabla hajamaliza anakasirika, na akishamaliza ukimsukuma aendelee hataki. Kwangu swali la uzi huu liko hapo hasa. Jukwaani, nani anaamua picha imeisha? Mchoraji, au mshereheshaji mwenye ratiba?

#19 Binti Kuze
Swali zuri hilo, mwalimu. Kwangu mimi huamua ngozi. Ikiisha nafasi, imeisha.

#20 Asha wa Magomeni
Samahani, wote mnaongelea kana kwamba mchoraji ndiye anayetazamwa tu. Tarehe 9 Machi 1960, Paris hiyohiyo, msanii Yves Klein aliwaalika watu waliovaa nguo za jioni, akapanga wanamuziki wapige sauti moja dakika 20 kisha wanyamaze dakika 20, na wanawake wakiwa uchi wakajipaka rangi ya bluu na kujigandamiza kwenye karatasi. Yeye alisimama pembeni na suti yake nadhifu, akielekeza, bila tone la rangi mkononi. Jina likabaki lake.

Mwaka uliofuata Niki de Saint Phalle, mwanamke, akatengeneza mbao zilizojazwa plasta, ndani yake mifuko ya rangi, akazipiga kwa bunduki, na wageni waliokuja kwenye onyesho wakapewa bunduki nao wapige. Rangi ikichuruzika, huwezi kusema nani amechora.

Mimi napendelea ya pili. Kama umati unaingia kwenye picha, basi uingie kweli, usikae kwenye viti ukila karanga. Na ukiniuliza kwa nini dhahania inapendwa jukwaani: ni kwa sababu hakuna anayeweza kusema "pua imekosewa". Inampa mchoraji kinga. Ndiyo maana siamini sana ujasiri wake.

#21 Kisu cha Fundi
Asha, kinga hiyo ina pande mbili. Mchoraji wa sura akianza jicho, watu wote wanajua anakokwenda na wanamsubiri kwa hamu. Wa dhahania hana anachowaahidi. Kuwashika watu dakika 25 bila kuwaambia wanasubiri nini ni kazi ngumu, mimi namvulia kofia.

Halafu kuna watu wetu hatuwataji. Nendeni Morogoro Stores pale Oysterbay, wachoraji wa Tingatinga wanachora barazani mtu akipita akiona. Nendeni Mwenge, wachongaji wa Kimakonde, mpingo unapasuliwa mbele ya mteja, na wako wanaochonga mtindo wa mawingu, usio na sura ya mtu wala shetani. Hao wanatazamwa kutwa, miaka yote. Tofauti yao na jukwaa ni kwamba hakuna anayewapigia saa.

Na kwa faida ya Kaka wa Tegeta: Pollock alitumia rangi za kupakia nyumba, enameli. Tingatinga naye alianza na enameli, hizi za baiskeli, kwenye haadibodi. Rangi ya bei nafuu, inayotiririka na kung'aa. Zipo dukani kwangu hadi leo.

#22 Mpita Njia
Tangazo limepita salama.

#23 Mnada Tu
Nimesoma toka mwanzo. Mimi ni kati ya walionunua. Hafla ya kuchangia wodi, nikapandisha dau, nikaipata, watu wakasimama kunipongeza. Sijutii mchango wenyewe hata kidogo.

Ila nina swali kwa fundi. Usiku ule picha ilikuwa na nyekundu tulivu kama ya waridi na sehemu nyeusi kubwa zilizonivutia kwa utulivu wake. Nyumbani asubuhi, nyekundu ni kali mno, na zile "nyeusi" ni kijani. Mke wangu anadhani walinibadilishia. Nilinunua nini?

#24 Kisu cha Fundi
Mnada Tu, hukubadilishiwa. Jukwaa lilikuwa na taa nyekundu, sivyo? Chini ya taa nyekundu, rangi nyekundu inapauka, na kijani kinageuka kama cheusi kwa sababu hakina nyekundu ya kurudisha machoni. Juu ya hapo, akriliki ikiwa mbichi inakuwa na weupe wa maziwa ndani yake. Ikikauka weupe ule unaondoka na rangi inakolea. Kwa hiyo ulibadilishiwa na taa, kisha na maji.

Wala mchoraji mwenyewe, akiwa pale juu, hakuiona picha yako ya asubuhi.

#25 Brashi Kavu
Fundi, hapo sasa umenipa nguvu kuliko wote. Mchoraji hawezi kurudi nyuma, hana muda, na hata rangi anayoiona siyo rangi yenyewe. Anachora gizani mbele ya watu mia tatu. Halafu mnaniambia hiyo ni njia ya kufikia ukweli wa mkono?

#26 Rangi Mbichi
Habari zenu. Rafiki amenitumia uzi huu. Hii ni kazi yangu, nachora jukwaani Dar na Arusha, na studio pia. Nitajibu kwa kadiri ninavyojua.

Taa: ni kweli tupu. Mimi huomba taa nyeupe kwenye mkataba. Wakikataa, nabandika karatasi yenye majina ya rangi juu ya vikombe na nafuata majina, sifuati macho.

Tope: ni kweli pia. Naandaa mpangilio wa kukauka kabla ya mpangilio wa rangi. Safu nyembamba kwanza, nene mwisho, na upande mmoja naupumzisha wakati nafanya upande mwingine. Watu wanadhani nacheza ngoma kwenda kushoto na kulia. Nafuata palipokauka.

Kurudia nilichokizoea: Mwalimu, hapo umenigusa. Ziko alama tatu au nne mkono unazikimbilia nikisikia ukumbi umepoa. Mmoja ni mstari mrefu wa mpira wa kufutia vioo, kutoka juu hadi chini. Ukifanya huo, watu wanashangilia kila mara. Ndiyo maana nimeacha kuubeba ule mpira. Siendi nao jukwaani, nautumia studio tu.

Lakini Brashi Kavu, kuna kitu studio hainipi. Studio naweza kuikwepa picha. Ikikataa, naigeuza ukutani, nakunywa chai, wiki inapita. Zipo nyingi zimekufa hivyo, siyo kwa sababu ni mbaya, ni kwa sababu niliogopa hatua inayofuata. Jukwaani hatua hiyo lazima niichukue, watu wanasubiri. Nusu ya mambo mapya niliyonayo studio yalizaliwa kwenye hatua hizo za kulazimishwa. Kwa hiyo nadharia ya Zajonc inanielezea dakika kumi za mwanzo, siyo za mwisho.

#27 Paris kwa Mguu
Rangi Mbichi karibu sana. Swali moja: ile safu ya chini kabisa unaipaka jukwaani au unakuja nayo?

#28 Rangi Mbichi
Nakuja nayo. Rangi ya msingi naipaka siku moja kabla, nyumbani, na huwa naitazama jioni nzima. Ikiwa mbichi jukwaani, hakuna kitakachokaa juu yake.

#29 Brashi Kavu
Basi picha ilishaanza chumbani. Mlango umefungwa, mchoraji ametulia, anatazama jioni nzima. Wakuu, mmesikia wenyewe.

#30 Paris kwa Mguu
Nami nimesikitika kidogo, maana kwa Mathieu hilo lingekuwa kosa kubwa. Msingi uliotazamwa jioni nzima ni mpango tayari.

#31 Binti Kuze
Muacheni mwenzenu! Mimi nami hina naikoroga jana yake, nikaichuja na kuitia kwenye koni. Kwani bibi harusi amedhulumiwa?

Rangi Mbichi, nina ombi. Ukija Mombasa, chora mchana, uani, taa ya jua, bila muziki wala mnada wala mshereheshaji. Waje wanaotaka, waondoke wanapochoka. Na wanawake waruhusiwe kusema "jaza hapo".

#32 Asha wa Magomeni
Naunga mkono, kwa sharti la kwamba wanaosema wapewe brashi.

#33 Rangi Mbichi
Binti Kuze, nakuja. Asha, brashi kila mtu hapana. Nimeshajaribu hiyo kwenye shule moja, na kila mmoja alitaka kufunika cha mwenzake, tukaishia tope analolisema fundi. Labda watu watatu, na kila mmoja rangi yake.

Ila nauliza jambo ambalo Mwalimu alilileta na hakuna aliyelijibu. Pale uani, bila ratiba, nitaacha saa ngapi? Jukwaani nimezoea kukatwa. Mara nyingi nimekatwa mapema, na mara chache nimeshukuru kukatwa, kwa sababu ningeendelea ningeiua.

#34 Mwana Lushi
Watu wakianza kuondoka bila kuaga, imeisha.

#35 Brashi Kavu
Hapana. Hapo ndipo itakapoanza. Wakishaondoka wote, kaa nayo nusu saa, halafu tuandikie hapa ulibadilisha nini.

#36 Mwalimu wa Nafsi
Na ipigwe picha mara mbili: wanapoondoka, na baada ya hiyo nusu saa. Tuziweke hapa bila kutaja ipi ni ipi.

#37 Mnada Tu
Fundi, kabla hamjahamia Mombasa: ile yangu niipake vanishi au niiache? Ina sehemu bado zinashika kidole.

#38 Kisu cha Fundi
Iache kwanza. Sehemu nene juu inakuwa kavu na ndani bado mbichi, ukipaka vanishi sasa utafungia maji ndani na itafanya ukungu mweupe. Itundike mbali na ukuta kidogo ipate hewa nyuma, usiiegemeze kwenye kochi. Na uitundike mahali penye mwanga wa mchana, mke wako aizoee hiyo kijani.